Mtungaji na Wasomaji Wake katika Pemba na Pwani ya Waswahili

Mtu atungaye ana kazi mbili, na ya pili mara nyingi ni nzito kuliko ya kwanza. Ya kwanza ni kutunga. Ya pili ni kuyafikisha maneno yake kwa watu, wayasome au wayasikie, na wajue ni nani aliyeyatunga. Siku hizi watu wengi hudhani ya kuwa kazi hii ya pili ni ya mpiga chapa na mwuza vitabu, na kwamba mtungaji akiisha kutia sahihi yake chini ya mswada amemaliza. Lakini katika pwani yetu watu walitunga tenzi na mashairi muda mrefu sana kabla mtambo wa chapa haujaletwa Unguja, na maneno yao yalifika, tena yalifika mbali. Nia yangu katika kurasa hizi ni kueleza yalifikaje, nikianza na kisiwa chetu cha Pemba, kwa kuwa jambo hili latuhusu sisi walimu na mapadre zaidi ya tunavyofikiri. Wengi wetu twaandika. Namjua mwalimu mmoja aliyetia chapa kitabu cha mashairi kwa fedha yake mwenyewe. Miaka imepita, na vitabu vile vingali vimefungwa kwa kamba chini ya kitanda chake. Mashairi yale si mabaya. Ila hakuna aliyeyangojea.

Wapemba wawili watatufaa kwa mfano. Katika karne ya 19, hata mwanzo wa karne ya 20, waliishi kisiwani humu washairi wawili ambao majina yao hayajasahauliwa: mmoja ni Ali bin Said bin Rashid Jahadhmy, aliyejulikana kwa lakabu yake ya Kamange, na wa pili ni Sarahani bin Matwar. Msomaji na aangalie kwanza jambo hili la lakabu. Jina refu la ukoo ni la heshima, lafaa katika hati ya kuuza shamba. Lakini halichukuliki kinywani mwa mtu aendaye njiani akiimba. Kamange ni silabi tatu. Jina fupi namna hii laingia katika mizani ya shairi bila taabu, na aliyelisikia mara moja hulikumbuka. Vivyo hivyo baadaye washairi waliopeleka kazi zao kwenye magazeti walijitwalia lakabu, na wapo waliojulikana kwa lakabu tu, hata majirani wasijue ya kuwa mtu wa gazetini ndiye huyu wanayeswali naye au wanayevua naye samaki.

Lakabu peke yake haifikishi kitu. Kilichowafikisha washairi wale ni desturi ya kujibizana. Kamange na Sarahani waliishi zama moja, na walirushiana beti. Desturi hii tunaijua sote, lakini naona hatujaitazama vema kuwa ni njia ya kupata wasomaji. Twaitazama kama mchezo tu, au kama ugomvi. Na tuitazame sasa.

Mshairi alitunga shairi lake, akalipeleka kwa mwenzake kwa karatasi au kwa kinywa cha mjumbe, na ndani yake ametia swali, au fumbo, au shutuma. Mwenzake hawezi kunyamaza. Akinyamaza watu watasema ameshindwa. Basi hujibu, na mara nyingi hujibu kwa mizani ile ile na kwa vina vile vile, ili ionekane ya kuwa amemfuata mwenziwe mpaka mlangoni kwake. Na hapa ndipo penye faida yenyewe. Mtu asikiaye jibu, kama hakulisikia shairi la kwanza, hawezi kustarehe, huuliza, "Kwani huyu alisema nini hata akajibiwa hivi?" Basi hulitafuta shairi la kwanza. Hivyo adui wa mshairi ndiye aliyemtangaza, na kila aliyetunga jibu alikuwa kama mtu aliyesimama sokoni akilinadi shairi la mwenzake pamoja na lake. Wakiwa watatu au wanne wamejiingiza katika majibizano hayo, kila shairi hupigiwa mbiu mara tatu au nne, pasipo senti moja kutolewa.

Tena hawa ni wale wajuao kutunga. Wasiojua kutunga nao walikuwa na kazi: walikuwa waamuzi. Watu waliokaa barazani waligawanyika, huyu upande wa Kamange, huyu upande wa Sarahani, na kila mmoja alijifunza beti za mtu wake kwa moyo ili apate kumshinda jirani yake katika kubishana. Sidhani ya kuwa mtungaji wa leo ana wasomaji wa namna hii, walio tayari kukesha kwa ajili ya kina kimoja.

Fumbo nalo lilikuwa na kazi yake. Shairi lasema habari za chombo kilichopasuka ubao, au mti uliozaa pasipo kupandwa, na kila mtu ajua ya kuwa si chombo wala si mti. Msikiaji hulichukua fumbo lile hata nyumbani, akalala nalo, akamwuliza mkewe asubuhi. Askofu Edward Steere, katika kitabu chake cha hadithi za Kiswahili kilichotolewa London mwaka wa 1870, alieleza habari za ngoma ya gungu na nyimbo zake za mafumbo, ambazo watu walizipenda ingawa maana yake ilikwisha kuwa ngumu kwa wengi wao. Maneno yaliyo wazi kabisa husikiwa mara moja yakaachwa. Yaliyofungwa kidogo hurudiwa. Mimi mwenyewe husikitika nionapo mashairi mengi ya siku hizi, yaliyo kama matangazo ya afya: hayamwachii msomaji kazi yo yote.

Yaliyokuwa Pemba yalikuwa na mfano wake mkubwa zaidi upande wa kaskazini wa pwani. Kabla ya vita vya Shela, vilivyopiganwa karibu na Lamu mwaka wa 1812 au karibu na hapo, watu wa Lamu na watu wa Mombasa walipigana kwanza kwa mashairi. Upande wa Lamu alikuwako Bwana Zahidi Mngumi, na upande wa Mombasa Muyaka bin Haji, aliyekuwa rafiki wa Mazrui waliotawala mji ule. Mashairi yalivuka bahari katika majahazi, na yalipofika yalisomwa mbele ya watu, kwa kuwa yalikuwa na habari ambayo kila mtu wa mji alitaka kuijua: je, wale wametudharau, au wanatuogopa? Mtungaji gani leo aweza kujisifu ya kuwa mji mzima hungojea chombo kitie nanga ili ujue amesema nini? Lakini na tukubali pia ya kuwa njia hii ilikuwa na hatari yake. Wasomaji waliopatikana kwa matusi hutaka matusi zaidi. Yako mashairi ya majibizano, ya Pemba na ya Mombasa, ambayo mwalimu hatayaweka mbele ya watoto, wala sidhani ya kuwa wenyewe waliyatunga kwa ajili ya watoto.

Habari za Muyaka zastahili kukaliwa kidogo, maana ndani yake twaona jinsi mtungaji awezavyo kuwa na wasomaji wengi na hata hivyo akaponea chupuchupu kupotea. Muyaka aliishi tangu 1776 au karibu na mwaka huo hata 1840. Yasemwa ya kuwa yeye ndiye aliyelitoa shairi msikitini akalitia sokoni. Maana yake, hakutunga habari za dini na vita vya mitume peke yake, bali alitunga habari za mke aliyekasirika, rafiki aliyekosa uaminifu, njaa, deni, bei ya vitu, na siasa za Mazrui na Seyyid Said. Kila mtu wa Mombasa alijiona ndani yake. Alipokufa, beti zake zilikuwa vinywani mwa watu, na mahali pengine pa kukaa zilikuwa chache sana. Na vinywa hufa.

Zilipopita kama miaka 40 tangu kufa kwake, alifika Mombasa kasisi wa Church Missionary Society, jina lake W. E. Taylor. Bwana huyu alikijua Kiswahili cha Mvita kuliko Wazungu wengi waliomtangulia. Alikusanya mithali akazitoa katika kitabu mwaka wa 1891, na alitunga mashairi ya dini kwa Kiswahili akiyasoma sokoni, kwa kuwa alikwisha kutambua ya kuwa watu wa mji ule husikiliza shairi pale ambapo hawatasikiliza hotuba. Mwenye kumfaa zaidi alikuwa Mwalimu Sikujua bin Abdallah, naye ni mshairi mwenyewe, aliyekuwa amehifadhi beti nyingi za Muyaka. Sikujua aliandika kwa herufi za Kiarabu, akaeleza maana. Taylor akauliza, akatia maelezo pembeni. Sikujua alikufa mwaka wa 1890. Lau kazi ile ingalicheleweshwa miaka michache tu, nusu ya Muyaka ingalizikwa pamoja naye.

Hata hivyo karatasi zile zilikaa kwanza. Diwani ya Muyaka iliyotengenezwa na W. Hichens ilitolewa mwaka wa 1940 na chapa ya chuo kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg, yaani mwaka wa mia tangu mshairi alipofariki. Na tusikose kusema ya kuwa mwanzo wa yote ni msomaji mmoja: mtu aliyeyapenda mashairi ya mwingine kuliko kuitangulia nafsi yake, ingawa naye alikuwa mtungaji. Jina lake la Sikujua huwafanya wanafunzi wangu wacheke. Nawaambia ya kuwa kama si yule Sikujua, nasi tusingalijua.

Yafaa sasa nieleze jinsi watungaji wa zamani walivyojilinda na hatari hii, kwa kuwa hawakuwa wajinga. Walijua ya kuwa hati itanakiliwa na watu wasiowajua, na kwamba mnakili huchoka, huruka beti, au hutia zake. Kwa hiyo katika tenzi ilikuwa desturi mtungaji kueleza mwishoni yeye ni nani na mwana wa nani, na mara nyingi kutaja mwaka wa Hijra, na hata hesabu ya beti zote. Hesabu ile ilikuwa kama kufuli. Mnunuzi wa hati aliweza kuhesabu mwenyewe, na zikipungua akajua ameuziwa kitu pungufu. Wengine walifuatisha mwanzo wa beti na herufi za alfabeti, ili ubeti ukianguka, herufi yake nayo ikosekane na pengo lionekane. Mwanzoni waliita wino na karatasi na mwandishi, na mwisho waliomba dua: kila asomaye na amwombee mtungaji rehema. Ombi hili si pambo tu. Msomaji aliyeombwa dua amepewa wajibu, na wajibu humfunga mtu na jina la mtungaji kila asomapo. Mimi sijui tangazo lo lote la gazetini lenye nguvu kama hilo.

Mwana Kupona binti Mshamu alitunga utenzi wake mwaka wa 1275 wa Hijra, nao ni sawa na 1858 wa kwetu, alipokuwa mgonjwa, kwa ajili ya binti yake Mwana Hashima. Kwa nje ni wasia wa mama kwa mtoto mmoja. Lakini mwenyewe alitaka wanawake wengine nao wausome, na akasema hivyo ndani ya utenzi. Basi akapata njia ya nyumba kwa nyumba, ambayo haikupita barazani kwa wanaume kamwe: mama alimfundisha binti, binti akaingia nao katika nyumba ya mumewe, akamfundisha wa kwake. Ulipotiwa chapa na Alice Werner na Hichens mwaka wa 1934, ulikuwa umekwisha kuenea katika pwani ya kaskazini kwa miaka zaidi ya 70 kwa njia hiyo. Twawasahau wanawake tunaposimulia habari za fasihi yetu, na kumbe hao ndio waliokuwa maktaba.

Watu wa kunakili nao walikuwa na kazi yao, na kazi yenyewe ilikuwa na malipo. Mashuhuri katika hao ni Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyekufa mwaka wa 1945 akiwa mzee sana. Alikuwa mshairi, mwimbaji, mchonga milango, na mwandishi wa hati nzuri mno, na wataalamu wa Ulaya waliotaka tenzi za kale walimwandikia barua naye akawapelekea. Utenzi wa Fumo Liyongo tunaousoma leo ulitokana na hati aliyomwandikia Bi Werner mwaka wa 1913. Mtu huyu alijua ya kuwa msomaji hununua kwa macho kabla ya kununua kwa akili. Kwa hiyo hati zake zina wino wa rangi na mapambo. Tena iko takhmisa, ambayo ni namna ya kujibu pasipo kugombana: mshairi huchukua beti za mtu wa zamani zenye mishororo miwili, akazitangulizia mishororo mitatu ya kwake mpaka ziwe tano. Hivyo ndivyo Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir alivyofanya na maneno ya Liyongo. Aliyekufa akapata wasomaji wapya, na aliye hai akapanda juu ya jina lililokwisha kujulikana.

Sasa nataka kuja kwenye mtambo wa chapa, na hapa sitakawia sana, kwa kuwa wasomaji wa kurasa hizi wanazijua habari zake. Universities' Mission ilitia chapa Unguja tangu siku za Steere, na mwaka wa 1888 likaanza gazeti la Msimulizi, lililochapwa Kiungani. Gazeti lile, lililoendelea hata 1896, lilikuwa na jambo moja la akili sana: habari zake ziliandikwa na walimu na wanafunzi waliotawanyika katika vituo, Unguja, Bonde, Ruvuma hata Nyasa. Msomaji wake alikuwa pia mwandishi wake. Kila mtu alilifungua ili aone kama barua yake imetiwa, na akiisha kuiona alisoma za wenzake. Ni majibizano yale yale ya washairi, yamevaa nguo mpya.

Lakini mtambo ulileta pengo pia, nalo ni la herufi. Vitabu na magazeti yetu ya misioni yalichapwa kwa herufi za Kirumi, na serikali zikafuata njia hiyo hiyo shuleni. Wakati ule watu wa Pemba, Unguja, Mombasa na Lamu waliojua kusoma walisoma kwa herufi za Kiarabu, walizojifunza chuoni tangu utoto. Ghafla mtu aliyeweza kusoma utenzi wa beti elfu alihesabiwa hajui kusoma. Watungaji wa namna mpya wakawaandikia wasomaji wa namna mpya, waliokuwa wachache. Na wasomaji wa zamani wakabaki na hati zao, ambazo vijana hawakuweza tena kuzifungua. Silaumu herufi za Kirumi, nazitumia hapa. Lakini katika nyumba nyingi za kisiwa hiki hati zililiwa na mchwa si kwa sababu hazikupendwa, bali kwa sababu mjukuu hakujua ni nini kilichoandikwa ndani yake.

Gazeti lililoliziba pengo hilo kwa sehemu lilikuwa Mambo Leo, lililoanzishwa na idara ya elimu ya Tanganyika, Dar es Salaam, mwezi wa Januari 1923. Lilikuwa na mahali pa mashairi ya wasomaji, na mara moja desturi ya kale ikahamia humo: mtu wa Tanga akiuliza, mtu wa Kigoma akijibu, na mhariri akiwa mwamuzi. Jambo hili lilimlea Shaaban Robert. Huyu alizaliwa karibu na Tanga mwaka wa 1909, akawa karani wa serikali, na mashairi yake yakajulikana gazetini kabla hajawa na kitabu. Barua alizomwandikia ndugu yake Yusuf Ulenge tangu 1931 hata 1958, zilizotolewa katika kitabu mwaka wa 2002, zamwonyesha mtu aliyeshughulika na hatima ya miswada yake mwaka baada ya mwaka, huku akilipwa mshahara wa ukarani. Pambo la Lugha ilichapwa Johannesburg, kule kule ilikochapwa diwani ya Muyaka. Ni ajabu kidogo ya kuwa maneno ya Mombasa na ya Tanga yalilazimika kwenda Afrika ya Kusini ndipo yarudi kwa wenyewe. Utenzi wake mkubwa wa vita vya 1939 hata 1945 ulitoka mwaka wa 1967. Yeye alikuwa amekwisha kufa mwaka wa 1962. Wengine husema kwamba kitabu kizuri hujiuza. Habari hii yatosha kuwajibu.

Katika visiwa vyetu njia nyingine ilifunguka isiyohitaji kusoma kabisa. Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, Unguja, alisafiri kwenda Bombay mwaka wa 1928 pamoja na wenzake wa taarabu, sauti zao zikatiwa katika sahani za santuri. Hakujua kusoma wala kuandika. Mashairi aliyoyaimba, mengine yakiwa ya watungaji wengine, yalisikiwa penye kila mkahawa uliokuwa na santuri, kutoka pwani hata bara. Kwa upande wa kuenea, hakuna diwani iliyoshindana na sahani zile. Ila mtungaji alilipa thamani yake: watu walimjua mwimbaji, wasimjue aliyetunga. Hali hii ipo hata leo, katika taarabu na katika nyimbo za vijana, na mimi naona ni dhuluma ingawa sijui mahakama ya kuipeleka.

Turudi sasa Pemba. Mwaka wa 1958 W. H. Whiteley alitoa kitabu kidogo juu ya lahaja na mashairi ya kisiwa hiki, kikasomwa na wataalamu wa lugha. Kamange na Sarahani wakaendelea kungoja. Kitabu chao wenyewe, Kale ya Washairi wa Pemba, kilichokusanywa na Abdurrahman Saggaf Alawy pamoja na Ali Abdalla El-Maawy, kilitolewa na Mkuki na Nyota, Dar es Salaam, mwaka wa 2011, na mhariri wake ni Abdilatif Abdalla wa Mombasa. Mhariri huyu haikumpasa kufundishwa maana ya kupoteza maneno. Alifungwa Kenya kwa sababu za siasa tangu 1969 hata 1972, na mashairi aliyoyatunga gerezani aliyaandika kwa siri juu ya karatasi za chooni, yakatolewa nje, yakawa kitabu cha Sauti ya Dhiki mwaka wa 1973. Mwaka uliofuata kikapata tuzo ya Jomo Kenyatta. Mtu aliyeponyesha beti zake mwenyewe katika karatasi kama hizo akaja kuponyesha za Wapemba wawili waliokufa zamani. Naona kazi ilimwangukia aliyestahili.

Mpemba mwingine, Said Ahmed Mohamed, aliyezaliwa mwaka wa 1947, alipata wasomaji kwa njia ambayo Kamange asingaliiota: riwaya yake ya Utengano iliwekwa katika orodha ya mitihani ya shule za Kenya, na vijana wasiopata kukiona kisiwa chetu wakaisoma kwa sharti. Ni wasomaji wengi mno. Lakini msomaji wa sharti na msomaji wa baraza si mamoja: yule hujibu maswali ya mtahini, huyu humjibu mtungaji. Sisi walimu ndio tuliopewa wale wa kwanza, na twaweza tukitaka kuwageuza kuwa wa pili.

Hapa Jadida, katika wilaya ya Wete, nimejaribu jambo dogo. Nawasomea wanafunzi shairi la jibu peke yake, bila kuwaonyesha lililojibiwa, kisha nawaambia walitunge lile la kwanza kwa kukisia, kwa vina vile vile. Huvunja mizani, hucheka, hugombana juu ya neno moja mpaka kengele ilie. Ndipo nalisoma la kwanza lenyewe, na ukimya wanaousikilizia siupati katika somo lingine. Tangu nilipoanza, watoto wameniletea beti kutoka majumbani, zilizosemwa na bibi zao na wajomba zao. Nyingine ni za mchezo wa ng'ombe, nyingine ni za kuchuma karafuu, chache ni mashairi kamili ya mishororo minne.

Naziandika katika daftari jinsi zilivyosemwa, kwa Kipemba chake, bila kusahihisha, na pembeni natia jina la kijiji na umri wa msemaji akikubali. Juu ya kila ubeti nimeacha mstari kwa jina la mtungaji. Katika daftari la kwanza, mistari mingi ingali mitupu. Kuna ubeti mmoja ulioletwa na watoto watatu wa nyumba tatu zisizo na udugu, kila mmoja na neno lake katika mshororo wa mwisho, na kila nyumba yashikilia ya kuwa la kwake ndilo la asili. Nyumba mbili zadai kumjua aliyeutunga, na majina wanayoyataja si mamoja. Mwezi ujao wazee wa nyumba hizo wamekubali kuja shuleni siku moja, kila mmoja na ubeti wake.